Nusura Niwe Mche wa Sabuni

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Ujiji kututembelea wiki mbili, na siku ya tatu tu alikuwa ameshayaona makalio yangu yote mawili. Nianzie hapo hapo, maana mtaa wetu wa Gungu, hapa Kigoma, ukisimulia habari hii unaanzia hapo.

Chanzo ni tamaa ya hela. Huku kwetu mwisho wa reli, mawese si kitu cha kutafuta kwa tochi, na mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, unayapata sokoni kwa madumu. Nikapiga hesabu ya sabuni ya kuuza: mise lita kumi, kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni, kilo moja na nusu, nikaiona pikipiki mpya imeegeshwa mlangoni. Mama mkwe amepika sabuni tangu mke wangu hajazaliwa, lakini kumuuliza niliona aibu. Mwanamume mzima nimuulize mkwe mambo ya sabuni? Nikafungua video ya dakika nne kwenye simu. Bando likaisha dakika ya pili.

Kumbe kostiki ndiyo unayoimwaga kwenye maji, pole pole, wala humwagi maji kwenye kostiki. Hiyo nadhani ilikuwa dakika ya tatu. Na unatumia ndoo ya plastiki, kwa sababu kostiki inakula alumini kama mchwa anavyokula mlango. Hiyo labda ilikuwa ya nne. Mimi nilichukua sufuria kubwa ya mke wangu, aliyopewa kwenye kicheni pati, nikamimina chenga nyeupe zote humo, nikaongeza maji kikombe kimoja.

Sufuria ikanguruma. Ilichemka bila jiko, ikatoa povu la kijivu na mvuke uliopanda puani kama pilipili. Nikarudi kinyumenyume, miguu ikaisha nguvu, nikakaa kwenye kigoda. Kigoda hicho ndicho nilichokuwa nimepimia kostiki.

Moto ukikugusa unaruka papo hapo. Kostiki haina haraka. Chenga zake hunyonya unyevu hata wa hewani, sembuse suruali iliyolowa jasho la woga. Nilichosikia kwanza ni utelezi, kama nimekalia bamia. Nikadhani mise imemwagika. La, mafuta yalikuwa yangu mwenyewe! Kostiki ikikutana na mafuta inatengeneza sabuni, haiulizi ni mafuta ya mise au ya baba mwenye nyumba.

Kisha ikaanza kuwasha. Kisha ikachoma. Kisha nikaita jina la mama yangu, ambaye yuko Kasulu.

Majirani wa Gungu hawana kasoro, wakisikia kelele wanakuja na dawa. Mmoja alikuja na yai. Mwingine na dawa ya meno. Mzee wa nyumba ya nyuma akashauri mkojo, na kwa jinsi alivyoanza kushika mkanda nilielewa kuwa atautoa yeye. Mpwa wangu, kidato cha tatu, akaja mbio na ndimu: "Mjomba, kostiki ni besi, ndimu ni asidi, zikikutana zinatoa chumvi na maji!" Kemia yake ilikuwa sahihi kabisa. Alichosahau ni kwamba zikikutana zinatoa na joto, kwa hiyo angenipika juu ya kuungua.

Ndipo mama mkwe akatoka uani. Akatazama sufuria, akatazama kigoda, akanitazama mimi. Kwa kuchanganyikiwa nikamwambia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Vua suruali."

"Mama, siwezi, mbele yako..."

"Baba, hiyo suruali imebeba kostiki. Kila unavyoniheshimu inazama. Vua!"

Nikavua. Akanikung'uta chenga zilizobaki kwa kitambaa kikavu kwanza, halafu akasema neno moja: maji. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu bomba lilikuwa halijatoa maji siku ya pili. Ziwa Tanganyika lipo pale chini, kina chake mita 1,470, na ndani kwangu kuna madumu mawili. Watoto wakatumwa nyumba hadi nyumba kuazima. Kila aliyetoa dumu akalisindikiza mwenyewe, akabaki kuona linatumikaje.

Nililala kifudifudi kwenye beseni la kufulia lililopinduliwa, mkwe akimimina bila kukoma. Nilipomwambia imetosha akasema dakika 20 ni za kuanzia. Redio ya jirani ilisoma taarifa ya habari, ikasoma michezo, ikafika matangazo ya vifo, bado anamimina. Nikatega sikio nisikie jina langu. "Shukuru haikuruka machoni," akasema, "sasa hivi ungekuwa unanisikia sauti tu."

Akanifunga kanga yake, tukaenda kituo cha afya kwa bajaji, mimi nimepiga magoti kiti cha nyuma nikiwatazama wanaotufuata. Jina la kanga, ambalo mke wangu alinisomea baadaye kwa furaha isiyo ya lazima, lilikuwa limekaa palepale: YA NDANI HAYAANIKWI.

Muuguzi akauliza nimeungua na nini, chai au uji. Nikasema sabuni. Akaweka kalamu chini, akatoka nje kidogo, akarudi amefuta machozi.

Benchi lile lilikuwa na kila aina ya kuungua isipokuwa moto. Kulikuwa na mvuvi wa dagaa aliyemwagikiwa maji ya betri ya taa mtumbwini, paja lina gamba. Mganga alieleza kuwa asidi mara nyingi inajijengea gamba linaloizuia kidogo, ila kostiki inayeyusha nyama na kuendelea kushuka. Mvuvi akanitazama kwa huruma ya mtu aliyepata asidi. Mwingine kamba ya boti ilimchuna viganja akijaribu kuizuia. Na alikuwepo kijana mwenye alama ndogo kidoleni, kama amechomwa na sindano, akaingizwa kabla yetu sote. Tukanung'unika sana. Muuguzi akasema huyo ameshika waya: umeme unaingia kwa tundu dogo, unaunguza ndani kwa ndani, na moyo wake lazima upimwe. Tukanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama tu, kwa hiyo sikuwa na hata nafasi ya kumpisha.

Nilisafishwa, nikafungwa bendeji, nikachomwa sindano ya pepopunda. Nashukuru waliichoma mkononi.

Wiki hiyo mama mkwe alinunua kostiki nyingine, akaichanganya kwenye ndoo ya plastiki akiwa amevaa glavu, akaipika ile mise yangu. Sabuni ikatoka safi, ikaisha mtaani siku mbili, wateja wakiiita sabuni ya mkwe. Sufuria ilitoboka. Mke wangu ameitundika sebuleni, kwenye msumari uliokuwa na picha yetu ya harusi.

Mama mkwe amesharudi Ujiji. Kila Ijumaa anapiga simu, na salamu yake ni ileile ya siku zote, ila sasa anaivuta kidogo mwishoni:

"Haya baba, mnakaaje huko?"

"Wenzangu wanakaa vizuri, mama. Mimi nakaa upande."