Kubandua Paa Kuziba Ufa

Mimi ni mtu wa kupiga mswaki. Sijisifu, waulize wa nyumbani kwangu. Asubuhi watoto hawahitaji kengele, wanaamshwa na baba yao bafuni: chakachaka, chakachaka, kama mtu anayesugua sufuria lililoungua. Mswaki ninaotaka ni ule mgumu hasa, ambao ukipita unajua umepitiwa. Baada ya wiki 3 nyuzi zake zimelala huku na huku kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, nautupa, naanza mwingine. Miaka 20 na ushei nimefanya hivyo.

Jirani yangu yeye hupiga mswaki kama anayepaka meno manukato. Fizi zake zimetulia mahali pake. Zangu zimehama.

Ilianzia kwenye maji baridi. Nikinywa tu, jino moja la chini, mbele, linakufa ganzi mpaka jicho la upande ule linajifumba lenyewe. Nikaenda kwa daktari wa meno. Akachukua kijichuma chembamba chenye alama za milimita, akawa anakichomeka kando ya kila jino huku akimtajia muuguzi namba: 2, 2, 3. Nimelala pale kama kitambaa kwa fundi cherehani. Alipofika kwenye lile jino akapima, akapima tena, akanyamaza. Daktari akikaripia una matumaini. Akinyamaza, anza kutubu.

"Unapiga mswaki kwa nguvu?" akauliza.

"Kwa nguvu sana, daktari!" nikajibu kifua mbele. Nilidhani napongezwa.

Kumbe nimejitia kitanzi. Kusugua kwa nguvu, tena kushoto kulia kama mtu wa msumeno, kunaula ufizi kidogo kidogo mpaka mzizi wa jino unabaki nje, na mzizi hauna lile gamba gumu la kuukinga na baridi. Na ufizi si ukucha, ukishaondoka hauoti tena. Hebu niambie, ni dhambi gani nyingine unaitenda kila siku, mara mbili, ukisifiwa na mama yako mzazi?

"Tutakupandikizia ufizi," akasema.

"Wa nani?"

"Wako. Tunauchukua juu, kwenye kaakaa."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufa unazibwa kwa kubandua paa la nyumba hiyo hiyo! Akanieleza kwa upole: anafungua ngozi ya kaakaa kama kifuniko, anachukua kipande cha nyama ya chini yake, unene wa milimita 1 na kitu, anafunga, kisha kile kipande anakishonea kwenye jino lililovuliwa nguo. Akaongeza kuwa watu wengi hulalamikia kaakaa kuliko pale palipopandikizwa. Yaani mgonjwa anapona, msamaria ndiye anayeugua. Zipo pia nyama za kuchangiwa na wafu, zilizosafishwa na kukaushwa, ila kwa jino langu alipenda yangu mwenyewe. Nami nikaona heri. Sitaki kucheka kwenye harusi za watu na ufizi wa marehemu nisiyemjua.

Na hiyo ganzi. Jino langu lina ganzi, ndiyo maana nimekwenda. Dawa yake? Kuchomwa sindano ya ganzi. Waliotunga maneno walikuwa wamechoka siku hiyo, ugonjwa na dawa vikagawana jina moja. Nilipomwambia muuguzi "nina ganzi", akaniuliza nimechomwa na nani.

Mimi nilidhani matayarisho ni kuoga na kuvaa shati linalofunguka vifungo. Wapi! Kwanza kikao cha kukwangua ugaga, maana kipandikizi hakiwekwi juu ya uchafu. Halafu, sikilizeni, nikafundishwa kupiga mswaki. Mimi! Mtu mzima mwenye watoto, naketishwa mbele ya meno ya plastiki makubwa kama ya kiboko, napewa mswaki. Nikaukamata kwa ngumi, kama kawaida yangu, nikasugua mara moja tu. Meno ya plastiki yakaruka mezani. Muuguzi akayaokota, akanipangusia, akaniambia niushike kama kalamu, niulaze mshazari kuelekea kwenye ufizi, nizungushe viduara vidogo, bila kukandamiza. Viduara! Nikifanya hivyo najiona kama namkuna paka.

Kisha fomu. Unavuta sigara? Hapana. Nilifurahi, maana walisema sigara inabana mishipa ya damu, na kipandikizi kisipopata damu kinakufa. Angalau dhambi moja sina. Unatumia dawa gani? Hapo nikataka kujidai, nikaandika "hakuna". Mama watoto akanyakua kalamu, akaongeza aspirini ninayomeza kila asubuhi, vidonge vya mafuta ya samaki na vya vitunguu saumu. Daktari akamshukuru yeye, si mimi, kwa sababu vyote hivyo vinaweza kuzidisha kutoka damu. Binamu yangu kusikia tu akanishauri niache aspirini usiku huo huo. Daktari akasema nisithubutu kuiacha kabla yeye hajazungumza na daktari aliyeniandikia. Binamu amenuna mpaka leo.

Masharti ya baada ya upasuaji nimeyabandika ukutani. Nisinywe kwa mrija, ule uvutaji unaweza kuamsha damu. Barafu shavuni, dakika 20 nibandike, 20 nibandue. Nisipige mswaki pale pa kushonwa mpaka niruhusiwe, ni kusukutua kwa dawa tu, tena taratibu. Nilale kichwa juu ya mito miwili. Hayo yote nayaweza. Lile linaloninyima usingizi ni hili: nisivute mdomo kuchungulia. Mshono unaweza kuachia. Jamani, mimi nikipika maharage nafunua sufuria kila dakika 5! Watu washone kitu ndani ya mdomo wangu, halafu nisitazame? Wiki nzima? Nimemwomba mama watoto afunike kioo cha bafuni kwa kanga. Akasema huo ni mkosi, atanifunika mimi.

Chakula kiwe laini na kisichochoma. Basi nikajaza friji: maziwa ya mgando, mayai, viazi vya kuponda, supu ya kupoza. Mtindi nilinunua vikopo 8, nikavipanga safu ya chini, nikaandika "VYA MGONJWA" kwa kalamu nene. Jana jioni nafungua, vimebaki 2. Nikaitisha kikao cha familia.

"Vya mgonjwa ni vipi?" nikauliza.

"Baba, lakini wewe bado huumwi," akajibu mdogo, na mdomo wake mweupe pembeni.

Nikakosa la kusema. Kisheria yuko sahihi.

Upasuaji ni kesho asubuhi. Usiku huu nikaingia bafuni na mswaki mpya, ule laini, nyuzi zake kama kope. Nikaushika kama kalamu. Viduara. Jino kwa jino, hakuna kukandamiza, hakuna chakachaka, nasikia hata tone la bomba linavyodondoka. Nikamaliza safu ya juu, nikaenda ya chini, nikafika kwenye jino lenyewe, nikalizungukia kwa adabu kama kaburi la mzee.

Mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Baba watoto! Mbona kimya humo ndani? Umeanguka?"