Siku 22 za kibarua, nani azihesabu?

Kila linapotajwa wazo kwamba Ukaguzi wa Kazi, CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), ofisi ya kodi na ARSP, yaani mamlaka inayosimamia kampuni za kandarasi ndogo, zitembelee kwa pamoja sehemu za kazi hapa Lubumbashi, watu wengi hujibu haraka kwamba wakubwa wameungana ili wale pamoja. Jibu hilo lina sababu zake, nami nitazifikia. Lakini linamsahau mtu ambaye ukaguzi uliwekwa kwa ajili yake, naye ni kibarua anayesimama mlangoni mwa depo kabla jua halijatoka.

Kipengele cha 40 cha Kanuni ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 kinamhusu yeye moja kwa moja. Mfanyakazi wa siku kwa siku ambaye ametimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mkataba usio na kikomo. Tangu hapo hawezi tena kuambiwa jioni, kwa neno la mdomo tu, kwamba kesho asije.

Nilipokuwa kijana niliandika daftari la vibarua katika depo moja upande wa Kampemba. Kapita, yaani msimamizi wa vibarua, alinipa kalamu mbili: ya buluu ya kuandikia siku, na nyekundu ya kuchorea msalaba kando ya jina. Msalaba ulichorwa siku ya 21. Aliyechorwa hakufukuzwa, kesho yake aliingia kwa mlango uleule, akavaa buti zilezile na kubeba magunia yaleyale, ila jina lake lilikuwa limehamia daftari la kampuni ya pili, na baadaye la tatu. Miezi miwili ya kufanya kazi siku sita kwa juma ina siku 52 hivi. Toa 21 za kampuni ya kwanza, toa 21 za kampuni ya pili, zinabaki 10 za kampuni ya tatu. Mtu amefanya kazi miezi miwili mizima, akipumzika Jumapili tu, na hakuna daftari hata moja lililofika 22. Kisha hesabu inaanza upya. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi tangu wakati ule, na kinachoniuma ni kwamba kila daftari, likisomwa peke yake, halina kosa.

Ndiyo maana mkaguzi wa kazi anayekuja peke yake hushindwa, hata akiwa mwaminifu. Anaonyeshwa daftari moja, analisoma, anatia sahihi, anaondoka. Karatasi za kumsaidia ziko katika ofisi nyingine. CNSS hupokea mchango wa asilimia 18 ya mshahara, 13 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwa mfanyakazi, kwa hiyo inaweza kuona kama jina moja limetangazwa na waajiri watatu kwa miezi miwili, au kama halikutangazwa popote ilhali kibarua amekatwa zile 5 zake. ARSP, iliyotokana na sheria ya kandarasi ndogo ya tarehe 8 Februari 2017, inatakiwa kujua kampuni hizo tatu ni za nani na zinamfanyia nani kazi. Ofisi ya kodi inazo hesabu za kampuni kubwa, ambamo gharama ya vibarua imeandikwa. Karatasi hizo zikiwekwa juu ya meza moja, siku 52 zinaonekana kwa muda wa asubuhi moja.

Kushirikiana huko si jambo geni kisheria. Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1968, unaitaka serikali iwezeshe ushirikiano kati ya ukaguzi wa kazi na idara nyingine. Huko Brazili, tangu mwaka 1995, kikundi cha wakaguzi wa kazi kimekuwa kikiingia mashambani pamoja na waendesha mashtaka na polisi, na watu zaidi ya 60.000 wametolewa katika kazi inayofanana na utumwa. Mkaguzi mmoja asingeweza kufika kwenye mashamba yale peke yake na kurudi na watu hao.

Sasa niwape haki wanaopinga. Shirikisho la waajiri, FEC, limelalamika kwa miaka mingi juu ya wingi wa ofisi zinazogonga mlango wa mfanyabiashara. Mwenye mkate kule Katuba akiona watu watano wanashuka garini, anaanza kuhesabu matabishi, yaani hongo, kabla hajaulizwa swali. Zaidi ya hayo, ofisi ya kodi hupangiwa kila mwaka kiasi cha fedha cha kukusanya, na yuko hatarini mkaguzi anayefuatana nayo: ziara inaweza kumalizika kwa faini iliyolipwa serikalini huku kibarua akibaki na msalaba wake mwekundu. Mkataba huohuo wa 81 unakataza mkaguzi apewe kazi zinazoharibu ile iliyo yake, na unamfunga asimtaje aliyeleta malalamiko. Mtu wa kodi aliyeketi naye garini hakufungwa na sharti hilo. Wakija na watu wa uhamiaji, vibarua watakimbia kwanza, na aliyekimbia hatoi ushahidi.

Hofu hizo nazikubali, lakini naona zinatufundisha namna ya kushirikiana, si kuacha. Karatasi zikutane kabla ya watu kukutana. Mkaguzi wa kazi awe ndiye mkuu wa ziara, hati ya kutumwa iwe moja, ripoti iwe moja, na malalamiko yabaki kwake. Deni la mfanyakazi lilipwe kabla ya faini ya serikali. Uhamiaji usiwemo. Kwa mpango huo hata mwenye mkate wa Katuba anapata nafuu, kwa kuwa atapokea ziara moja badala ya nne.

Na saa ya ziara ina maana. Mkataba ule wa 81 unamruhusu mkaguzi kuingia bila taarifa, mchana au usiku. Wakifika saa nne asubuhi watakuta madaftari matatu yamepangwa mezani, safi. Wafike saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati kapita bado yuko mlangoni anaita majina na mwandishi ana kalamu mkononi, wamuulize kila aliyeitwa jana aliingia kwa jina la kampuni gani, na juma lililopita gani.