Mtandao unahitaji sheria, ila si ya leseni

Anayesema serikali isiguse kabisa mambo ya mtandao, mimi simuungi mkono. Bado watu wanapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na bado wapo mabinti ambao picha zao za faragha zinazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka wanaona aibu kutoka nje. Hao wanahitaji sheria, tena yenye meno.

Lakini Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 hapa Tanzania hazikuanza na tapeli. Zilianza na mwenye blogu. Alitakiwa kwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine za mwaka. Chukua kijana wa Songea anayeandika habari za baraza la madiwani, bei ya mbolea na zahanati iliyoishiwa dawa. Milioni mbili na laki moja anazitoa wapi? Kampuni kubwa ya habari Dar es Salaam italipa na kuendelea na kazi. Yeye atafunga blogu, na habari ya zahanati ile haitaandikwa na mtu mwingine. Aliyeendelea bila leseni alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Wanahabari na watetezi wa haki walikwenda Mahakama Kuu Mtwara, wakapata zuio la muda dhidi ya kanuni hizo mwezi Mei. Likaondolewa mwezi huohuo. Juni ilipoingia, JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ikafungwa kwa muda, na wanachama wake wakabaki wanaangalia ukurasa usiofunguka.

Kanuni zilezile zilikataza maudhui yanayoleta kero. Diwani akiulizwa fedha za ujenzi wa darasa zimekwenda wapi, atakereka tu! Zikadai hata simu yako uiwekee nywila, na internet kafe zifunge kamera. Sioni binti yule amelindwa wapi hapo.

Ada zilipunguzwa mwaka 2022, na hilo ni jema, ila bado kuna anayetakiwa kuomba ruhusa kabla ya kuandika. Mwaka huohuo ilipatikana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na huko ndiko ningependa nguvu ielekezwe, kwa sababu inambana anayekusanya taarifa zako na kuzitumia atakavyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ina vifungu vya kumshika tapeli. Kifungu cha 16 cha taarifa za uongo ningekifuta, maana kinamweka mwandishi hatarini kwa kauli ambayo mwenye madaraka ameamua kuiita uongo.

Vifungu vya utapeli viachwe vifanye kazi. Kila mkoa uwe na askari waliofundishwa kufuatilia namba ya simu na akaunti, na binti akifika kituoni na simu yake mkononi, jalada lifunguliwe siku hiyohiyo bila kuulizwa kwa nini alipiga picha ile.