Tamthilia ipo, kwa nini tuisake filamu?

Kila inapotajwa filamu bubu, yaani ya zamani isiyo na sauti, iliyopotea ambayo asili yake ni tamthilia, hoja hii huibuka: maandishi yapo maktabani, atakaye ayasome au aipandishe tena jukwaani, na pesa za kusaka mikanda iliyooza ziende kwingine. Si hoja ya kupuuzwa. Marekani ilitengeneza karibu filamu ndefu bubu 11,000 kati ya 1912 na 1929, na utafiti wa Library of Congress, maktaba ya taifa ya nchi hiyo, wa 2013 ulikuta asilimia 14 tu zimesalia katika hali yake ya awali. Mikanda ya filamu ya enzi hizo ilikuwa ya nitrati, kemikali inayoshika moto upesi. Mingine iliharibiwa na wenyewe ili wapate madini ya fedha yaliyomo. Haiwezekani kuzisaka zote.

Lakini itazame Sherlock Holmes ya 1916, filamu ya yule mpelelezi wa hadithi. Mwigizaji William Gillette aliandika tamthilia yake na kuanza kuicheza 1899, akaicheza zaidi ya mara 1,000. Kampuni ya Essanay ya Chicago ilimpiga picha akiwa ameshavuka miaka 60, kisha filamu ikatoweka kwa karibu karne nzima. Maandishi hayakupotea. Ndani yake Holmes amezingirwa na wahuni. Anavunja taa, giza linatanda, wahuni wanaukimbilia moto wa sigara pale dirishani, kumbe sigara kaiacha hapo na mwenyewe yuko mlangoni. Soma hata mara kumi, hutajua Gillette alisimamaje wala alisubiri kiasi gani kabla ya kuinua mkono. Alisifika kwa utulivu, na utulivu hauandikiki.

Mwaka 2014 nakala ilipatikana Cinémathèque française, hifadhi ya filamu ya Paris. Wenye shaka wana la kusema hata hapo: maneno yanayoandikwa kwenye skrini ni ya Kifaransa, imegawanywa sehemu nne, na sauti ya Gillette haimo. Nakubali. Ila mwili wake umo, na huo hakuna mswada unaoweza kuurudisha.

Kwa hiyo mimi ningechagua. Studio ikiwa ilichukua kisa tu na kumpa mwigizaji mwingine, maandishi yanaweza kututosha kwa sasa. Pale aliyeijenga nafasi jukwaani ndiye aliyesimama mbele ya kamera, msako upewe kipaumbele, na usiishie Marekani. Maghala ya nchi zilizouziwa nakala yapekuliwe pia, hasa makasha ambayo majina ya filamu yalibadilishwa kwa lugha za huko.