Bakteria wa Dakawa na mpunga wenye jeni zilizohaririwa

Ukigusia uhariri wa jeni za mazao, yaani kubadilisha sehemu ndogo ya DNA ya mmea, hapa Dar es Salaam, mazungumzo huishia kwenye swali moja: mbegu itakuwa ya nani? Swali ni halali. Lakini ni nadra kusikia mtu akieleza anachofanya bakteria wa ugonjwa wa majani aliyegunduliwa kwenye mpunga wa Dakawa, Morogoro, mwaka 2019.

Ni Xanthomonas oryzae, ila wa nasaba ya Asia, tofauti na tuliyemzoea Afrika. Akiingia kwenye jani hudunga protini zake ndani ya seli. Protini hizo husafiri hadi kwenye kiini, hushika kipande maalumu cha DNA kilicho mbele ya jeni za SWEET, jeni za mpunga zinazohusika na kutoa sukari, na kuziamsha. Mpunga unaanza kumwaga sukari nje ya seli, na bakteria anakula. Mmea unamfungulia mwizi ghala kwa mkono wake wenyewe.

Kinachonikosesha raha zaidi ni hiki. Mpunga una jeni ya kinga, Xa1, inayozitambua protini hizo, na kwa bakteria wa Kiafrika inafanya kazi. Wa Dakawa amekuja na protini nyingine, fupi zaidi, za kuinyamazisha Xa1. Mtafiti akitumia misimu kadhaa kuichanganya Xa1 na mbegu zetu, atamkabidhi mkulima kinga ambayo adui ameshaivunja. Jeni nyingine za kinga zipo, na kazi ya kuzichanganya iendelee, lakini inachukua miaka.

Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya Komboka, aina ya mpunga inayolimwa Afrika Mashariki. Walibadilisha herufi chache tu za DNA pale protini za bakteria zinaposhika, kwenye jeni tatu za SWEET. Jeni zenyewe ziko salama. Protini ndiyo inayokosa pa kushika. Na hakuna jeni ngeni iliyobaki.

Wanaopinga wanasema hataza (haki za umiliki) za teknolojia hii ziko mikononi mwa watu wa nje, na bakteria anaweza kubadilika tena. Yote mawili ni kweli. La kwanza linajibika kwa mkataba unaomruhusu mkulima kuhifadhi mbegu yake. La pili ndiyo sababu ya kufanya majaribio, wala si ya kuyazuia. Januari 2021 Wizara ya Kilimo ilisitisha majaribio ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni. Kenya mwaka 2022 ilitoa mwongozo wa pekee kwa mazao yaliyohaririwa. Nasi tunahitaji wetu, na Komboka ijaribiwe Dakawa kwenyewe, wakulima wa hapo wakishuhudia.