Boti za faiba Zanzibar: mashine ya joto na mgandamizo tuinunue au tuiache?

Tangu Serikali ya Awamu ya Nane ianze kuwakopesha wavuvi na wakulima wa mwani boti za faiba, madikoni kuna hoja moja isiyokwisha: boti hizi zitengenezwe vipi? Wapo wanaosema enzi ya kupaka rizini, ile gundi ya majimaji inayoganda, kwa brashi imepita, tulete mashine za kubana nyuzi na plastiki kwa joto na mgandamizo, kama zinavyoundwa sehemu za magari ya kisasa. Wapo wanaojibu kwamba mkono unatosha, na kwamba Nungwi haikuwahi kungoja mashine ndipo ishushe chombo majini. Nadhani wanaoitaka mashine wana haki ya kuitaka. Walichokosea ni kitu cha kuibania.

Tuitazame kwanza kazi ya mkono. Kalibu, yaani umbo ambalo boti hujengwa ndani yake, hupakwa nta ili boti isigande nalo, inafuata jelkoti inayoipa boti rangi na ngozi, kisha hutandazwa mkeka wa nyuzi za kioo na kuloweshwa rizini ya poliesta iliyotiwa dawa ya kukazia. Hapo fundi hupita na rola ya chuma yenye mifuo, akifukuza viputo vya hewa mpaka mkeka uache weupe wake na uanze kupenya mwanga. Muda alionao ni mfupi. Siku za kaskazi, jua linapowaka, fundi mzoefu huipunguza dawa, maana ikizidi rizini hupata moto ndani ya ndoo, ikatoa moshi na kuganda na brashi humo humo. Joto basi limo katika kazi hii tangu zamani. Rizini hulizalisha yenyewe. Kinachokosekana ni mgandamizo, na pengo hilo huzibwa na mkono wa fundi, ukiwa na nguvu au umechoka.

Matokeo yanapimika. Boti ya mkeka na brashi kwa kawaida huwa na nyuzi kiasi cha asilimia 30 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni rizini. Nyuzi ndizo zinazobeba nguvu, kwa hiyo rizini ya ziada ni mzigo ambao mashine ya boti itausukuma kwa petroli kila siku. Viputo vilivyosalia navyo hunyonya maji, na baada ya miaka boti huota malengelenge chini. Lakini hoja iliyo nzito zaidi kwangu ni ile isiyotajwa kabisa: ile harufu kali karakanani ni stairini, kemikali iliyomo ndani ya rizini. Inawasha macho na kuumiza kichwa, na mwaka 2018 IARC, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliiweka katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani. Kalibu linalofungwa huizuia sehemu kubwa ya mvuke huo. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote.

Basi tununue mashine? Piga hesabu kwanza. Viwandani, karatasi la nyuzi lenye rizini ndani yake hubanwa kwa nyuzijoto 140 hivi, na mgandamizo wa tani 500 kwa kila mita mraba ni jambo la kawaida. Boti ya mita 7 ukiitazama kutoka juu ina eneo la mita mraba 10 hivi. Hizo ni tani 5,000, pamoja na kalibu la chuma la ukubwa wa boti nzima, na likishachongwa halibadiliki. Gharama hiyo hurudi kwa anayetoa maelfu ya vitu vya umbo moja. Mvuvi wa Kojani na mkulima wa mwani wa Paje hawataki boti ya umbo moja.

Kuna na umeme. Unguja inaupata kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara, na tunakumbuka giza la mwezi mzima mwaka 2008, kisha la miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Waya mkubwa zaidi uliolazwa 2013 umetuliza mambo, na Pemba imeungwa na Tanga tangu 2010, lakini mwenye tanuri hawezi kuisahau historia hiyo. Poliesta iliyokatikiwa na joto katikati ya kazi ni ya kutupwa.

Kwa boti ipo njia ya katikati. Funika kalibu kwa karatasi la plastiki, ziba kingo zote, nyonya hewa kwa pampu. Hewa ya nje hukandamiza kwa karibu tani 10 kila mita mraba, na hiyo hailipiwi. Boti ikishaganda huachwa katika nyuzijoto 40 kwa saa 16 ili rizini ikomae, na joto la namna hiyo hapa kwetu halitafutwi mbali. Njia hii ina uchungu wake: karatasi likitoboka, boti nzima huharibika kwa mara moja, wakati kosa la brashi huwa la mahali pamoja na hurekebishwa. Anayeianza aanze na kifuniko cha sanduku, asianze na boti ya mkopo.

Mashine ya kubana ninayoitetea ni ndogo: mita mraba moja, tani 100, iwekwe hata KIST, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, pale Mbweni. Ibane mbao za makumbi na plastiki chakavu. Plastiki ya polipropilini huyeyuka karibu nyuzijoto 165, na nyuzi za mimea huanza kuungua zikikaribia 200, kwa hiyo nafasi ipo ingawa ni nyembamba. Makumbi yakaushwe barabara, maana unyevu hugeuka mvuke na kuitoboa mbao kwa ndani, na mbao ipozwe ikiwa bado imebanwa. Umeme ukikatika, plastiki hii huyeyushwa tena. Nguvu ya makumbi ni ndogo kuliko ya katani, hivyo tutarajie dari na milango ya makabati, tusitarajie mataruma, zile mbavu za chombo. Kina mama wanaofukia makumbi ufukweni kwa miezi na kuyatwanga wapate kamba watauliza, kwa haki, bei yake itakuwaje kiwanda kikiingia sokoni.

Faiba yenyewe haiyeyuki tena ikishaganda. Boti za mikopo zitachakaa kwa pamoja, maana zimeingia majini kwa pamoja, na katika visiwa hivi nafasi ya jaa ni haba. Nani atazichukua ni jambo la kuandikwa kwenye mkataba wa mkopo sasa, wakati mkopeshaji na mvuvi bado wanajuana kwa majina.