Msimuulize mume wangu kama ameniruhusu

"Umemruhusu?" Aliulizwa mume wangu, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo na sahani ya pilau mkononi. Muulizaji ni mzee tunayemheshimu, tena tulikuwa ukweni, kwa hiyo nilinyamaza. Nitajibu hapa, maana si yeye peke yake. Tangu nianze mafunzo ya urubani pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo hapa Nairobi, nimelisikia swali hilo kwa sura nyingi. Si mumeo tayari ana leseni? Nyumba moja ina haja gani na marubani wawili? Hizo pesa si mngemalizia ile nyumba ya shambani?

La pesa nakubali. Saa moja angani na mwalimu inazidi mshahara wa mwezi wa watu wengi katika jiji hili, na leseni ya rubani binafsi hutaka saa 40 hivi kwa uchache. Anayeiita anasa sina la kumpinga. Ila mume wangu alipolipia saa zake, hakuna aliyemkumbusha nyumba ya shambani. Alipewa hongera na kuombewa dua.

Mimi nimekuwa abiria wa kiti cha kulia kwa miaka mingi. Wenye kupanda Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, wanajua hali ilivyo: mbele yako kuna usukani kamili, na kila rubani anaposogeza wake, wako nao unasogea, kana kwamba kuna mtu ameketi mapajani mwako. Miguuni kuna pedali. Niliambiwa nisiguse kitu, basi nikawa nakunja miguu chini ya kiti kutoka Nairobi hadi Lamu. Kazi yangu ilikuwa kumenya machungwa na kuwatuliza watoto nyuma. Kila kitu cha kuiongoza ile ndege kilikuwa mbele ya mikono yangu, na sikujua hata kitufe cha kuongea redioni ni kipi.

Watu wakisikia hivyo huruka moja kwa moja kwenye dharura, na ni kweli, dharura zipo. Aprili 2012, kule Wisconsin, bibi wa miaka 80 alitua Cessna ya injini mbili baada ya mumewe kufariki angani kwenye usukani. Rubani mwingine alipaa na ndege yake akawa kando yake akimwelekeza, na injini moja ilizimika kwa kuishiwa mafuta kabla hajagusa ardhi. Alinusurika. Aliwahi kufundishwa mambo ya msingi zamani, na hayo kidogo ndiyo yaliyomfikisha chini. Oktoba 2024 mke mwingine, asiye na leseni, alitua Bakersfield, California, mumewe akiwa amezidiwa kando yake. Chama cha marubani na wamiliki wa ndege cha Marekani, AOPA, kimekuwa na mafunzo maalumu kwa wenzi wa marubani tangu miaka ya 1960. Sisi huku bado tunaulizana nani kamruhusu nani.

Lakini kilichonifanya niandike si dharura. Mume wangu ana afya, Mungu amlinde, na safari nyingi mno huisha salama. Ninachotaka kieleweke ni jambo linalotokea chini, kabla injini haijawashwa.

Mwezi wa saba tulikuwa Nanyuki, tukitakiwa kurudi Nairobi kwa sababu kesho yake alikuwa na mkutano. Mnaujua mwezi wa saba wa Nairobi. Mawingu hulala juu ya mapaa mpaka saa nne, saa tano asubuhi, na siku nyingine hayanyanyuki kabisa. Nanyuki kulikuwa kweupe, Mlima Kenya unaonekana wote. Yeye tayari alikuwa chini ya bawa akikagua mafuta, anachota petroli kidogo kwenye kikombe cha plastiki na kukiinua juani: iwe buluu, isiwe na tone la maji chini. Mimi nilikuwa na simu mkononi nikisoma taarifa ya hewa ya Wilson. Nikamwambia leo hatuendi. Wilson mawingu yako chini, milima ya Aberdare imefunikwa, na hatuna pa kugeuzia tukishaingia katikati.

Zamani ningesema naogopa. Naye angefanya anachofanya mume mwema mke akiogopa: angenishika bega, anitulize, halafu tuondoke. Woga wangu haukuwa hoja mbele ya leseni yake. Safari hii nilitaja kimo cha mawingu na mahali mlima ulipo. Akasimama na kile kikombe mkononi, akaniomba simu, akasoma mwenyewe. Kisha akapiga simu kuulizia chumba.

Hilo ndilo ninalolipia. Mkutano wa kesho, watoto wanaotakiwa shuleni, aibu ya kurudi kwa matatu ilhali ulikuja na ndege: hayo humsukuma rubani aliye peke yake aingie kwenye mawingu ambayo hakufunzwa kuyapita, na marubani wa kila nchi wamekufa hivyo. Abiria asiyejua kitu hawezi kumzuia. Hata akilia, atatulizwa. Anayejua husikilizwa, na mume wangu ananipenda vya kutosha kukubali kuzuiwa. Namshukuru kwa hilo kuliko zawadi yoyote aliyowahi kuninunulia.

Nasikia ikisemwa kwamba wanandoa wakirusha ndege pamoja watagombana. Watagombana. Amy Johnson, Mwingereza aliyeruka peke yake hadi Australia mwaka 1930, aliolewa na rubani Jim Mollison mwaka 1932, na mwaka huo huo akavunja rekodi ya mumewe ya London hadi Cape Town. Kufikia 1938 walikuwa wameachana. Ndege haiponyi ndoa, nakubali. Ila wapo pia Martin na Osa Johnson, mume na mke wa Kimarekani waliojifunza urubani wote wawili, kisha mwaka 1933 wakaja Afrika na ndege mbili za Sikorsky, moja imepakwa milia ya punda milia na nyingine madoa ya twiga, wakapiga picha Mlima Kenya na Kilimanjaro kutoka juu. Na uwanja wenyewe ninakojifunzia umepewa jina la Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Basi mwanamke pale si mgeni.

Kwa waume wenye leseni nina neno moja: msiwafundishe wake zenu wenyewe. Kwanza, kama huna hati ya ualimu, saa unazompa hazihesabiki. Pili, mwanafunzi lazima aachwe akaribie kukosea ndipo ajue. Mwalimu wangu ni binti anayeniita mama, na ndege ikikaribia kugusa chini mikono yake hukaa mapajani. "Mama, macho mwisho wa barabara. Usiiangalie pua. Ngoja. Ngoja." Gurudumu hugusa. Mume wangu asingeweza kuniambia ngoja. Angekuwa ameshaunyakua usukani, kwa sababu ya mapenzi hayo hayo.

Kwa hiyo mzee wangu, shikamoo. Hakuniruhusu, hakuombwa ruhusa. Tulikaa mezani, tukahesabu pesa pamoja, tukaahirisha nyumba ya shambani. Nanyi marubani mnaopanga kununua hedseti mpya au kifaa kingine cha GPS mwezi huu, lipieni kwanza saa chache za yule anayekunja miguu kando yenu, na mwalimu awe mtu mwingine.